Abril Fatface, Playfair Black au Anton? Naomba ulinganisho wa fonti kwa kazi ya korosho

Mchapaji_Lindi (Lindi mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kazi ya kikundi cha akina mama wa Ng'apa wanaobangua korosho. Wanataka vitu vitatu kwa mkupuo: lebo ya pakiti ya gramu 250, bango la fleksi la mita 4 kwa 2 la kusimamisha Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, na kadi ndogo za kuwaachia wenye maduka na hoteli. Mwenyekiti wao alikuja na picha kwenye simu, jalada la jarida lenye herufi nene zilizoshiba, lakini ndani ya herufi hiyohiyo kuna mistari myembamba kama uzi. Ameipenda mno na anataka sura hiyo kila mahali.

Jina litakalokaa juu ni KOROSHO ZA NG'APA. Nimelipanga kwenye fonti kadhaa, zote za bure na zote zina leseni ya wazi ya SIL, kwa hiyo kwenye kazi ya biashara hazina kesi.

Abril Fatface ndiyo iliyoikaribia ile picha kuliko zote. Ni nene kwelikweli, O zake zimejaa, na bado ina heshima. Tatizo, toleo la bure lina uzito mmoja tu, yaani unene mmoja wa herufi. Haina ya kulala wala nyepesi, hivyo maneno ya chini lazima nitafute fonti nyingine.

Playfair Display ina familia kubwa, kuanzia ya kawaida hadi Black, na kila moja ina ya kulala. Lakini hata hiyo Black haijashiba kama Abril.

DM Serif Display imetulia, na mistari yake myembamba haijazidi wembamba. Naiona salama, ila najua mwenyekiti akiiona atasema siyo yenyewe. Bodoni Moda Black inapendeza sana ikiwa kubwa kwenye skrini. Rozha One nimeifahamu juzijuzi, nayo ni nzito mno.

Kwa bango nimejaribu pia Anton na Archivo Black, zile ambazo unene wake ni mmoja tangu juu mpaka chini, maana moyo unaniambia barabarani ni kitu kingine.

Mwenye uzoefu anisaidie. Nitumie moja kwa kila kitu kama mteja anavyotaka, au nigawanye?

Binti_Mikindani (Mikindani)

Kaka, kwa pakiti usihangaike, chukua Abril Fatface.

Hebu litazame neno KOROSHO lenyewe. Herufi saba, na tatu kati ya hizo ni O. Kwenye fonti za aina hii O ndiyo inayobeba uzuri wote: pande mbili nene kushoto na kulia, juu na chini mstari mwembamba, katikati tundu jembamba lililosimama wima. Zikija tatu ndani ya neno moja zinapiga mdundo wake, na macho yanaufuata bila kulazimishwa. Katikati ya hizo O una K yenye nguzo nzito, S iliyonona mgongoni, na H yenye nguzo mbili zilizoshikana kwa mstari mmoja mwembamba. Ni maneno machache sana ya Kiswahili yanayokaa vizuri hivi kwenye herufi nene. Mwenyekiti wenu ana jicho, asikatishwe tamaa.

Halafu Abril ina asili ya biashara. Walioitengeneza ni Veronika Burian na José Scaglione wa TypeTogether, na waliichota kwenye mabango ya matangazo ya Uingereza na Ufaransa ya karne ya 19. Siyo fonti ya kitabu iliyonenepeshwa kwa nguvu. Ilikusudiwa ikae kubwa, ivute mtu, iuze. Ndiyo maana hata herufi zake ndogo, a na g kwa mfano, zina umbo lililofikiriwa, hazijavimba tu.

Rozha One nayo naipenda. Imetoka Indian Type Foundry na ilitengenezwa ibebe maandishi ya Kidevanagari, yanayoandikia Kihindi, pamoja na ya Kilatini. Lakini kwenye pakiti ndogo matundu ya A na R yake yanabaki madogo, na ukichapa kwenye karatasi ya khaki wino unasambaa na kuyaziba. Abril inavumilia zaidi kidogo.

Mambo matatu kwenye lebo nakuomba uyashike. Jina peke yake ndilo liwe Abril. Uzito, viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na mahali zilipobanguliwa viende kwenye fonti tulivu isiyo na vikono (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi), ya unene wa kati. Pili, acha uwanja mtupu kuzunguka jina. Ukishaliwekea mkorosho, bibo, jua linalochomoza na utepe wa dhahabu, jina linapigana na kila kitu na mnunuzi anaona vurugu. Tatu, mwambie mchapaji nyeusi iwe ya rangi moja, isiwe mchanganyiko wa rangi nne. Rangi nne zikipishana hata nusu milimita, ile mistari myembamba inapata vivuli vya bluu na nyekundu pembeni, na kazi yote inaonekana chafu.

Fundi_Stika_Masasi (Masasi)

Lebo za dada hapo juu nimeziona madukani na nazikubali. Lakini mkuu, hiyo fonti usiipeleke barabarani.

Mimi ni wa stika za kukata na tisheti, kwa hiyo naijua mistari hii kwa vidole. Fanya jaribio moja. Andika UNUNUZI kwa herufi kubwa za Abril, ibandike ukutani, kisha rudi nyuma mpaka mwisho wa uwanja. Kwenye fonti hizi N ina nguzo mbili nyembamba na mshazari mnene. U ina nguzo nene kushoto, nyembamba kulia. Z ina mshazari mnene, na juu na chini yake ni wembamba mtupu. Ukifika mbali, wembamba wote unakufa. Unachobaki nacho ni nguzo, mshazari, nguzo, mshazari, nguzo, mshazari, nguzo. Hapo hakuna neno tena, kuna uzio.

MNADA nalo ni hivyohivyo. Msimu ukifunguliwa Oktoba neno hilo linabandikwa kila penye ghala huku kwetu, na nimeona bango lililoandikwa kwa herufi hizi za kifahari, wakulima wanasogea mpaka chini yake ndipo wanalisoma. KOROSHO limebahatika kwa sababu ya hizo O. Lakini jina la mteja wako linaishia na NG'APA, na N ipo palepale.

Kwenye stika za magari hali ni mbaya zaidi. Kikono chenye upana chini ya milimita 2, ukianza kubandua ile stika ya ziada kinakuja nayo. Hata kikigoma kutoka, baada ya muda wa jua na vumbi kinajikunja. Tisheti za skrini nazo: wino ukizidi, wembamba unanenepa na sura ya fonti inapotea, ukipungua, unakatika.

Kura yangu kwa bango ni Anton, iliyotengenezwa na Vernon Adams. Ni nyembamba kwa upana na ndefu kwa kimo, na maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo inakupa herufi kubwa kwenye nafasi ileile. Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa nayo inafaa, ila ijulikane haina herufi ndogo kabisa.

Mchapaji_Lindi

Asanteni sana. Nimerudi kupima. Nikiliweka jina lote kwenye mstari mmoja wa bango la mita 4, na kuacha pambizo, herufi za Abril zinapanda sentimita 21 hivi. Anton kwenye upana uleule inakaribia sentimita 40. Mstari mwembamba kabisa wa Abril nimeupima kwenye faili, ni kama milimita 6. Je, milimita 6 barabarani ni kidogo?

Macho_Nachingwea (Nachingwea)

Ndugu, mimi si mtu wa dizaini, nafanya kazi kliniki ya macho, lakini swali lako la mwisho liko kwenye eneo langu.

Ile chati ya herufi tunayompimia mgonjwa akiwa mita 6 haikuchorwa kwa kubahatisha. Mstari wa mtu mwenye macho mazima una herufi za urefu wa karibu milimita 8.7, na unene wa kila mstari wa herufi ni moja ya tano yake, yaani milimita 1.7 hivi. Huo ndio mpaka ambapo jicho zima linaweza kutofautisha sehemu za herufi. Umbali ukiongezeka, kipimo kinaongezeka kwa uwiano uleule: takriban milimita 0.29 kwa kila mita moja. Kwa mita 30 unahitaji mstari wa karibu milimita 9.

Kwa hiyo mstari wako wa milimita 6 unafikia mpaka wake kwenye mita 20 hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva ataziona herufi zako zikiwa kamili kwa sekunde moja na nusu, basi.

Na hiyo ni kwa jicho zima, kwenye mwanga mzuri, mtu ametulia amekaa. Mwenye mtoto wa jicho anapoteza kwanza uwezo wa kuona tofauti ndogo ya weusi na weupe, na jua la saa saba likipiga kwenye fleksi inayong'aa hata kijana anapata shida. Wazee wanaosafiri kuja kutibiwa wanapita njia hiyo hiyo ya Mnazi Mmoja, nao ni wateja. Tafadhali uwafikirie.

Nyongeza: mstari mweusi uliosimama peke yake kwenye nyeupe jicho linaweza kuuhisi hata ukiwa mwembamba kuliko hapo. Lakini kuhisi kuna kitu na kusoma neno ni mambo mawili.

Mwalimu_Newala (Newala)

Daktari ametupa kipimo, na kinaeleza pia historia ya herufi hizi, kwa hiyo nakazia hapohapo.

Tofauti kali ya unene na wembamba ilifikishwa kileleni na Didot wa Ufaransa na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, aliyefariki 1813. Herufi zao zilikuwa za vitabu: karatasi nzuri, uchapaji makini, msomaji ameshika kitabu mkononi. Kisha London, mwanzoni mwa karne ya 19, wachongaji wa herufi wakachukua mifupa hiyohiyo wakanenepesha nguzo na kuuacha wembamba ulivyo. Anayetajwa zaidi ni Robert Thorne. Alipofariki mwaka 1820, kiwanda chake cha herufi kilinunuliwa na William Thorowgood, na inasimuliwa kwamba fedha alizipata kwenye bahati nasibu. Matangazo ya bahati nasibu yenyewe, kabla ya ile ya serikali ya Uingereza kukomeshwa mwaka 1826, yalikuwa miongoni mwa kazi zilizozitumia sana herufi hizo. Baadaye Marekani wakazifufua: Morris Fuller Benton alitoa Ultra Bodoni mwaka 1928, na Chauncey Griffith wa Linotype akatoa Poster Bodoni mwaka uliofuata.

Sasa, mabango ya London yalibandikwa ukutani na kusomwa na mtu anayetembea kwa miguu, mita mbili tatu kutoka usoni. Hakukuwa na basi la Dar es Salaam linalopita. Kwa hiyo dada wa Mikindani na fundi wa Masasi wote wanasema kweli kuhusu fonti ileile, wanatofautiana umbali.

Kuhusu orodha yako, mkuu. DM Serif Display ilitengenezwa na Colophon Foundry ikijengwa juu ya Source Serif ya Adobe, ambayo ni fonti ya kusomea. Ndiyo maana imetulia, na ndiyo maana mwenyekiti hataiona kuwa ile aliyoipenda. Playfair ya Claus Eggers Sørensen ina hulka ya karne ya 18, inafaa gazeti, tovuti, mwaliko. Kwa tangazo la korosho naiona ni ya upole mno.

Bodoni Moda ndiyo hamjaitendea haki. Faili lake la kubadilika lina mhimili wa ukubwa unaokwenda kutoka 6 hadi 96. Ukiwa 96 wembamba unakuwa mwembamba kabisa, kwa sababu inadhaniwa herufi itakuwa kubwa. Ukiwa 6, wembamba unaongezwa unene ili maandishi madogo yasikatike. Hakuna anayekuzuia kuchukua ile ya 6 na kuikuza mita nzima. Programu za kuchorea kama Inkscape na Illustrator za sasa zinakuruhusu kusogeza mhimili huo kwa mkono. Unapata sura ileile ya unene na wembamba, lakini wembamba wenye nguvu.

Fundi_Stika_Masasi

Mwalimu, hiyo ya mhimili sikuwa naijua, nitaijaribu kesho kwenye plota, mashine yangu ya kukatia stika. Ila kwa mwenye kompyuta ya zamani na programu ya zamani haitamsaidia.

Na tahadhari kwa wengine wanaosoma: msije mkatatua tatizo hili kwa kuizungushia Abril mstari wa nje ili inenepe. Inanenepa kote, mpaka kwenye nguzo ambazo tayari ni nene, tundu la A linakuwa doa na S inajikunja yenyewe kwa yenyewe. Naletewa faili za namna hiyo mara nyingi, na mteja huwa ameshazilipia.

Mzee_wa_Brashi (Chikongola, Mtwara)

Vijana, nimesoma mjadala wenu nikafurahi. Mimi niliandika mabango kwa rangi ya mafuta kabla fleksi haijafika Mtwara, kwenye bati, ukutani na ubavuni mwa mitumbwi.

Kwenye brashi hatukuwa na fonti, tulikuwa na upana wa brashi. Mstari mwembamba haukuwahi kuwa mwembamba kuliko brashi ndogo uliyonayo, na kwa bango la barabarani tulijua brashi gani haitoki kwenye boksi. Herufi nene na nyembamba tuliziandika, watu wa saluni na mahoteli walizitaka sana. Lakini ukuta ukiwa mpana, jambo la kwanza lilikuwa kuuliza neno lipi lisomwe kutoka mbali na lipi msomaji atalisogelea.

Wewe wa Lindi umeandika KOROSHO ZA NG'APA kwenye mstari mmoja. Kwa nini? Bango lina mita 2 za kwenda chini. Livunje. KOROSHO peke yake ijaze upana wote, ZA NG'APA ikae chini yake. Herufi zako zitakua zaidi ya mara mbili bila kubadilisha fonti, na ule wembamba utakua pamoja nazo. Ukifanya hivyo nadhani hata huyo daktari ataridhika.

Halafu usipime kwa kutazama kompyuta. Chapa bango zima kwenye karatasi ya A3, sentimita 40 kwa 20, hiyo ni sehemu moja ya kumi. Libandike ukutani, simama mita 3. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona aliye mita 30. Simama mita 5, hiyo ni 50. Litoe nje juani, usilipime ndani.

Mchapaji_Lindi

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya ulivyoelekeza, tena mwenyekiti akiwepo.

Tumechapa A3 nne na kuzibandika ukutani nje ya duka, jua la mchana.

Abril kwenye mstari mmoja: mita 3 bado inasomeka ukijua kilichoandikwa. Nilimwita kijana wa bajaji ambaye hakuwa anajua chochote, KOROSHO akaitoa haraka, NG'APA akasita. N ilikuwa imeshabaki mshazari kama fundi alivyosema.

Abril kwenye mistari miwili, KOROSHO ikijaza upana: kimo cha herufi kimefika sentimita 48 kwa bango halisi na wembamba umekaribia milimita 14. Kijana wa pili aliisoma yote kutoka mita 4 bila kusita. Mita 5 ikaanza kulegea kwenye N.

Bodoni Moda Black kwa mhimili wa 6, mistari miwili: hii ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kati ya zenye wembamba. Tulirudi nyuma mpaka ukingo wa barabara. Lakini mwenyekiti akasema O zake hazijashiba, zimesimama wima mno, anaitaka ile ya kwanza.

Anton: ilisomeka popote tuliposimama. Mwenyekiti akasema inafanana na tangazo la mchezo wa mpira. Nikamwelewa.

Kwa hiyo naelekea Abril mistari miwili kwenye bango, na Anton kwa namba ya simu na maneno "Mita 200 mbele". Nitakosea wapi hapo?

Mzee_wa_Brashi

Marahaba. Hapo sawa. Namba ya simu iwe kubwa, na uigawe tatu tatu ili mtu aishike kichwani akiwa kwenye mwendo.

Macho_Nachingwea

Milimita 14 kwa hesabu yangu inafika karibu mita 48. Kwa kilomita 50 kwa saa ni zaidi ya sekunde tatu. Nimeridhika. Naomba tu maandishi yawe meusi au kahawia iliyoiva juu ya rangi ya maziwa, msiweke nyekundu juu ya kijani. Wapo wanaume wasiozitofautisha rangi hizo mbili, na kwa mbali hata asiye na tatizo hilo zinamchosha.

Fundi_Stika_Masasi

Mimi bado ningeweka Anton kote kwenye bango, na sibadiliki. Pakiti na bango si lazima zivae nguo moja ili zijulikane ni ndugu. Rangi moja na mpangilio mmoja vinatosha. Lakini kwa mistari miwili sina ugomvi tena na Abril, herufi za nusu mita zinajitetea. Kama watataka stika ya bajaji au ya kioo cha duka, hapo nakuomba kabisa usiitumie chini ya kimo cha sentimita 10.

Binti_Mikindani

Kadi mmezisahau wote!

Kaka, kadi ni ya mkononi, sentimita 30 kutoka machoni, hapo wembamba una raha yake. Jina kwa Abril, lisipungue kimo cha milimita 5 au 6. Jina la mhusika, cheo na namba viende kwenye fonti tulivu.

Na ukiamua kuweka Playfair mahali popote penye bei au simu, angalia tarakimu zake. Zinazokuja zenyewe ni za mtindo wa zamani, 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda juu. Kwenye aya ya kitabu zinapendeza. Kwenye "Sh 15,000" au namba ya simu zinaonekana zinacheza, na mteja atadhani umekosea kupanga. Zilizolingana zimo ndani ya fonti hiyohiyo, unaziwasha kwenye mpangilio wa OpenType (sehemu ya kuchagua maumbo mengine yaliyomo kwenye fonti), kama programu yako inaruhusu. Kama hairuhusu, weka tarakimu za fonti nyingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kadi: usiandike maandishi meupe ya Abril juu ya nyeusi kwenye karatasi ya kawaida. Wino mweusi unaingia pembeni kutoka pande zote mbili na wembamba mweupe unamezwa. Mwenyekiti akitaka kadi nyeusi, ihamie kwenye DM Serif Display au mchape kwenye karatasi ngumu yenye ung'aavu.

Mwanafunzi_Dizaini (Mtwara)

Samahanini wakubwa, naomba kuuliza. Kwenye kompyuta ya chuoni intaneti ni ya shida na sina Abril. Ipo yoyote ya namna hii ambayo huja na Microsoft Office?

Mwalimu_Newala

Ipo. Tafuta Elephant, ya Matthew Carter, ni ya familia hiyohiyo ya herufi nene zenye wembamba mkali. Kuna pia Bodoni MT Poster Compressed, iliyobanwa upana, nayo inafaa maneno marefu. Hizo leseni yake si ya wazi kama Abril, kwa hiyo usimpe mtu faili la fonti. Kazi uliyochapa ni halali yako. Abril ukiipata mara moja, ibebe kwenye flashi, haihitaji intaneti tena.

Mchapaji_Lindi

Swali la mwisho kabla sijatuma faili. Ile alama kwenye NG'APA. Nikiandika kwenye Abril inatokea kijiti kilichochongoka chini, na kati ya G na A panakuwa na pengo kubwa, jina linaonekana NG APA. Nimeijaribu ile nyingine ya pembeni mwa namba 1, ndiyo mbaya zaidi, inalala upande usiotakiwa.

Binti_Mikindani

Hiyo ya pembeni mwa namba 1 usiitumie kabisa. Unayoitaka ni ile iliyojikunja, yenye kichwa cha duara na mkia unaoshuka kushoto. Kwenye Windows shikilia Alt, andika 0146 kwenye namba za kulia, kisha achia. Kwenye simu gandamiza alama ya kawaida kidogo, zitatokea nyingine, chagua hiyo. Abril inayo na imechorwa nene, inalingana na herufi zenyewe.

Pengo ni la A. Juu imechongoka, kwa hiyo kushoto kwake panabaki uwazi. Shika A peke yake uisogeze kushoto mpaka bega lake liingie chini ya mkia wa alama, bila kugusana. Kisha sogeza P nayo, maana A ikihama itaacha pengo jipya mbele yake. Likuze uone mguu mwembamba wa A usiguse G chini.

Fundi_Stika_Masasi

Na ukishamaliza kusogeza, geuza herufi zote ziwe maumbo kabla ya kutuma. Kama fleksi inachapwa Dar na mashine yao haina Abril, itakuwekea fonti nyingine yenyewe, na bango litafika na basi likiwa limeandikwa kitu kingine kabisa. Weka pia nakala ya PDF, na uwaambie wasikunje fleksi, waiviringishe.